Pita ya maharagi na fromaji ya Masisi, ya kupika kwenye mbabula, jiko la makala

Ukishakula chawarma mjini Goma, mkate huu unaujua: wa duara, mweupe wenye madoa ya moto, na ukiukata ukingoni unafunguka ndani ukawa mfuko. Ni pita, mkate wa Lebanoni, Siria, Palestina na majirani zao. Kuujaza bila nyama ni desturi ya hukohuko unakotoka. Wamisri hutia bulete, yaani vitonge vya kukaanga, za maharage mapana, Walebanoni na Wapalestina hutia za pwashishi, zile dengu nene. Sisi tutatumia kile ambacho hakikosekani kwenye masoko ya Virunga wala Birere, yaani maharagi, na fromaji (jibini) ya Masisi juu yake.

Ukizingatia kitu kimoja tu, zingatia maji. Unga wa mkate unayataka mengi, kwa sababu mvuke ndio unaofungua mfuko. Vya kujazia vinatakiwa viwe vikavu, kwa sababu maji hayohayo yakirudi kwenye mkate yanautoboa kabla haujafika mdomoni. Karibu kila kosa katika sandwichi hii linatokana na kukosea upande mmoja kati ya hizo mbili.

Kiasi kilichoandikwa hapa kinatoa mikate minane, inatosha watu wanne.

Maharagi: anza usiku wa kuamkia

Pima gramu 250 za maharagi makavu, yaani kikombe kimoja na robo ukitumia kikombe cha mililita 250. Chagua mawe, osha, loweka kwenye lita moja na nusu ya maji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya yapite juu ya maharagi kwa vidole vitatu.

Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji hutokota yakifika nyuzi joto 95 hivi, siyo 100. Unaona mapovu yaleyale, ila joto limepungua, ndiyo maana maharagi hapa yanakula makala zaidi kuliko Kinshasa. Panga saa moja na nusu mpaka saa mbili kwa maharagi ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yatapita hapo, na hakuna ujanja wa kuyaharakisha isipokuwa robo ya kijiko cha chai ya bikaboneti. Ukizidisha, yananuka sabuni. Nyanya, ndimu na siki visiingie sufuriani mpaka maharagi yalainike, kwa sababu uchachu hulikaza ganda. Chumvi husingiziwa kosa hilohilo bure, itie wakati wowote.

Dakika 30 za kwanza yatokote kwa nguvu, bila mchezo. Maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli. Moto mdogo usiochemsha hauiondoi. Anayekula maharagi yaliyoiva nusu anaweza kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Kama una desturi ya kuokoa makala kwa kuiepua sufuria na kuizungushia blanketi, ifanye baada ya dakika hizo 30, siyo kabla.

Yakiiva, punje moja iliyobanwa kati ya ulimi na kaakaa isagike yote bila kuacha kiini cha unga. Chuja, uyaache kwenye chujio dakika 20. Kisha yarudishe kwenye sufuria kavu juu ya makala machache, ukikoroga dakika 3 hadi 5, mpaka sufuria ikauke chini na maharagi yaanze kupasuka ganda. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu bulete zinavunjika kwenye mafuta. Mchuzi uliochujwa utunze kwa supu.

Unga wa mkate

Unga wa ngano gramu 500, kama vikombe vitatu na nusu visivyoshindiliwa. Levire (hamira) kavu ya chembe ndogo, kijiko cha chai kimoja na nusu, kama gramu 5. Sukari vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu, mafuta vijiko viwili vya mezani, maji ya uvuguvugu mililita 310 hadi 330. Chekecha unga kwanza, maana unaouzwa kwa kupimwa kutoka gunia lililo wazi huwa na wadudu.

Vitabu vingi vya mapishi vinataka gramu 7 za levire kwa unga huu. Hapa zinazidi. Hewa ya Goma na Bukavu ina shinikizo dogo, basi gesi ndani ya unga inatanuka kwa urahisi, unga unaumuka upesi na kupata harufu ya pombe kabla haujakomaa. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, weka gramu 6.

Levire iliyofunguliwa siku nyingi ipime kabla ya kupoteza unga. Kijiko kimoja kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu pamoja na sukari kidogo, subiri dakika 10. Povu likipanda ni nzima, na unaitumia hiyohiyo ukipunguza maji hayo kwenye kipimo. Likikataa, itupe. Maji yajaribu kwa kifundo cha mkono: uyasikie ya uvuguvugu tu. Yakiwa ya kukuunguza yanaua levire, na hapo hata ungoje mpaka kesho.

Changanya, tia maji mililita 310 kwanza, kanda dakika 10. Mwanzoni unga utakung'ang'ania vidoleni, na mkono utataka kuongeza unga mkavu. Uzuie. Paka mafuta viganjani na uendelee, kwa kuwa unga mgumu hauna maji ya kutoa mvuke. Ukiwa bado mgumu baada ya dakika tano, ndipo unatia yale mililita 20 yaliyobaki. Umekandika vizuri ukiweza kuvuta kipande kidogo kikawa chembamba hadi mwanga upite, bila kuchanika.

Funika kwa kitambaa kibichi. Mchana wa kawaida saa moja inatosha. Jioni ya baridi inaweza kufika saa moja na nusu, basi weka bakuli karibu na mbabula, siyo juu yake. Tazama unga, siyo saa: uwe umeongezeka mara mbili, na ukiudidimiza kidole tundu lijae polepole. Likijaa mara moja, ongeza muda. Lisipojaa kabisa, umechelewa, kanda tena kidogo na uusubirishe nusu saa.

Gawa madonge manane, kila moja gramu 105 hivi. Yaviringe chini ya kiganja mpaka ngozi ya juu ikaze, yafunike, yapumzike dakika 15. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila unapolisukuma. Sukuma kwenye kibao chenye unga kidogo sana, chupa ya bia iliyooshwa inafanya kazi hiyo bila shida. Anza katikati kuelekea nje, geuza robo duara kila mara, ufike upana wa sentimita 16 au 17 na unene wa milimita 5. Ukingo usiwe mwembamba kuliko katikati. Usikunje ukaanza upya, mkunjo unabaki ndani ukishona tabaka mbili pamoja. Yafunike tena dakika 10.

Moto

Mbabula iwe na makala yaliyowaka yote, mekundu chini ya jivu jepesi, bila ulimi wa moto wala moshi. Kikaango kiwe kizito, cha chuma au aluminiamu nene. Kile chepesi kinaunguza katikati na kuacha ukingo mbichi. Kipashe dakika 5 hadi 7 bila mafuta. Nyunyiza unga kidogo: ukigeuka kahawia baada ya sekunde chache, joto ni zuri. Ukitoa moshi papo hapo, inua kikaango kidogo.

Futa huo unga, laza mkate wa kwanza. Baada ya sekunde 30 utaona malengelenge madogo juu na rangi itafifia. Geuza. Upande wa pili uache dakika moja, au zaidi kidogo, mpaka madoa ya kahawia yatokee chini. Geuza tena. Hapo ndipo unavimba: kwanza lengelenge moja, kisha mengine, yanaungana, na mkate mzima unasimama kama mpira. Lengelenge likibaki upande mmoja, likandamize taratibu kwa kitambaa kilichokunjwa ili mvuke usukumwe kwenda upande ulioshikana. Usitumie kidole kitupu. Mvuke ukipata tundu hutoka kwa kasi na unaunguza vibaya.

Kinachotokea ni hiki: nyuso mbili za mkate zimeshakauka na kushikamana wakati katikati bado kuna unga wenye maji. Maji hayo yanakuwa mvuke, yanakosa pa kutokea, yanazitenganisha nyuso. Basi mkate usipovimba, tafuta mahali mvuke ulipopotelea. Kikaango kikiwa na joto dogo, maji yanatoka polepole kabla ya nyuso kukaza, unapata biskuti. Pakiwa na mchaniko au sehemu nyembamba sana, mvuke unatorokea hapo, mara nyingine utausikia ukifukuta. Unga wa juu ukiwa umekauka kwa kukosa kufunikwa, unapasuka badala ya kutanuka. Na unga uliokandwa mgumu hauna mvuke wa kutosha toka mwanzo.

Mkate wa kwanza mara nyingi haufai, kwa kuwa kikaango hakijatulia. Usibadilishe chochote mpaka uone wa pili. Usiovimba haupotei bure, utaukunja kuzunguka vya kujazia.

Kwa wanaooka gato (keki) kwenye sufuria, njia hiyo inafaa zaidi, kwa sababu joto la juu husaidia. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko cha bati, weka ndani sahani ya chuma iliyopinduliwa, makala chini na mengine juu ya kifuniko, mengi zaidi yakiwa juu. Pasha dakika 15. Weka mkate juu ya sahani, funika, usichungulie kabla ya dakika 3. Kwa dakika 4 au 5 umeiva. Angalia majivu yasidondoke ndani unapofunua. Mwenye oveni ya umeme aipeleke nyuzi 250 na trei ndani yake kwa nusu saa kabla ya mkate wa kwanza. Umeme ukiwa dhaifu oveni haifiki huko, rudi kwenye makala.

Kila mkate unaotoka uuingize palepale ndani ya kitambaa kikavu, mmoja juu ya mwingine. Baada ya dakika 10 ganda limelainika. Ukiuacha wazi unakuwa mgumu na utavunjika ukiufungua.

Bulete

Katakata puaro (liki) moja ndogo nyembamba sana, ikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka iache kutoa maji. Kwaruza karoti moja na uikamue kwa mkono. Ponda maharagi kwa mchi au chupa, yasiwe laini kabisa, robo ibaki vipande. Changanya na puaro, karoti, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, chumvi kijiko kimoja, pilipili manga, na vijiko vinne vya mezani vya chembe za mkate mkavu. Chembe za mkate ni bora kuliko unga wa ngano, ambao ukizidi unaifanya bulete iwe nzito na yenye kunata.

Bonyeza kijisehemu ndani ya ngumi. Kikishika umbo na kisiache unyevu kiganjani, uko tayari. Kikiteleza, ongeza kijiko cha chembe, subiri dakika 10 zinywe maji, pima tena. Tengeneza 16, bapa, unene wa sentimita moja na nusu. Ziache nusu saa mahali pa baridi.

Mafuta yafike sentimita moja kwenye kikaango. Chovya ncha ya kijiti kikavu cha mti: mapovu madogo yakikizunguka mara moja, anza. Dakika 3 kila upande, nne au tano kwa mpigo, siyo zaidi, kwa sababu ukijaza kikaango mafuta yanapoa, na bulete zinakunywa mafuta na kupasuka. Usiziguse mpaka upande wa chini ukauke. Maharagi yameshaiva, unachotafuta ni ganda la kahawia tu.

Vinavyosindikiza

Robo ya shu (kabichi), gramu 400 hivi. Kata nyembamba, tia kijiko cha chai cha chumvi, sugua kwa mikono dakika mbili, subiri robo saa, kisha kamua kwa nguvu zako zote. Utashangaa maji yanayotoka, na yote hayo yangeingia kwenye mkate. Ndipo utie juisi ya ndimu moja na karoti ya kukwaruza. Shu inayoshuka kutoka Kibumba huwa imekaza na ina udongo katikati ya majani, itenganishe jani kwa jani. Kwa kuwa inaliwa mbichi, ioshe na maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, nyanya vilevile. Kipindupindu hakijaisha kandokando ya ziwa.

Biringanya moja kubwa, vipande vya sentimita moja, chumvi, nusu saa, futa, kaanga au choma juu ya makala. Ukikosa muda, hii ndiyo ya kuacha.

Mahali pa mchuzi wa ufuta wa Waarabu tunaweka karanga. Vijiko sita vya mezani vya karanga zilizosagwa bila sukari, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na chumvi, juisi ya ndimu mbili, kisha maji, kijiko kwa kijiko. Vijiko vya kwanza vitaikaza badala ya kuilegeza, na watu wengi huacha hapo wakidhani imeharibika. Endelea kukoroga, baada ya vijiko sita au nane inakuwa nyeupe kiasi na laini. Ikomeshe ikiwa nzito ya kushika kijikoni. Unaponunua karanga za kusaga, onja kwanza. Zenye uchungu au harufu ya ukungu ziache kwa mwenyewe, kuzikaanga upya hakuondoi sumu ya ukungu.

Fromaji ya Masisi ikate vipande vya milimita 5, gramu 200 kwa mikate yote. Iliyokomaa kidogo ni bora kuliko mbichi, ambayo bado ina maji. Nyanya mbili, toa mbegu na ute wake, kata nyama tu. Asiyekula fromaji aweke mayai ya kuchemsha, ambayo nayo hapa yanataka dakika 12 ili kiini kikaze, au avoka kama hataki mayai pia.

Kujaza

Kata kipande chembamba cha ukingo, kama robo ya duara, ingiza vidole viwili na ufungue polepole ukifuata mfuko hadi chini. Upande uliokuwa chini mara ya mwisho kikaangoni kwa kawaida ni mnene kuliko mwingine. Uweke huo upande wa kiganja, ndio utakaobeba uzito.

Fromaji inatangulia, ilale kwenye ukuta wa mkate, kisha bulete moja ya moto ikandamizwe juu yake ili iiyeyushe. Mafuta ya fromaji yanauzuia unyevu. Ukuta wa pili paka mchuzi wa karanga mzito. Shu inakaa katikati, kisha bulete ya pili, biringanya, shu kidogo tena. Nyanya na pilipili ya kusaga huwekwa mwisho kabisa, juu, zisiguse mkate. Ukishindwa kuufunga mdomo wa mkate kwa vidole viwili, umejaza mno, punguza shu.

Ukipata pwashishi

Dukani huuzwa kavu na za kopo. Kwa bulete za kukaanga chukua kavu tu. Loweka gramu 250 kwa saa 18 hadi 24, chuja, kausha kwa kitambaa, saga bila kuchemsha, zibaki na chembe ndogo. Tia vitunguu, majani ya kotmiri, bizari, chumvi na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti, kisha kaanga kwenye mafuta mengi. Wanga mbichi ndio unaozishikamanisha zinapoiva. Za kopo zimeshapikwa, wanga wake hauwezi tena kushika, zitasambaratika kwenye mafuta. Njia hii ya kukaanga bila kuchemsha usiihamishie maharagi hata mara moja, kwa sababu ya ile lektini. Dakika tatu kwenye mafuta hazitoshi.

Kupeleka kazini

Pita iliyojazwa haivumilii zaidi ya nusu saa. Peleka mkate ndani ya kitambaa, bulete na fromaji kwenye chombo kimoja, shu kwenye kingine, mchuzi kwenye kichupa, ujaze wakati wa kula. Mikate ya jana inyunyizie matone machache ya maji na uipashe kwenye kikaango cha moto, sekunde 20 kila upande. Bulete zipashwe kwenye kikaango kikavu, zikishafunikwa zinalainika ganda.